Msimamizi Hatazami Shabaha

Asubuhi moja ya kiangazi, katika uwanja wa shabaha ulio nje kidogo ya Jiji la Mbarara, mwandishi wa makala hii alishikwa kiwiko na sajini mmoja mbele ya askari wa vyeo vya chini, akaamriwa asitikisike. Nyota tatu zilizo mabegani mwake hazikumfaa kitu. Kosa lenyewe lingeonekana dogo machoni pa mtu asiyejua mambo haya. Nilikuwa nimepewa risasi tatu za bastola. Nikafyatua mbili, nikaziona zote mbili zimetoboa karatasi karibu na katikati, na kwa furaha nikageuza uso kumtafuta mpiga picha wangu, nione kama ameipata picha hiyo. Uso ulipogeuka, bega lilifuata. Bega lilipofuata, mkono nao ukafuata. Na mtutu, ambao nyuma yake bado palikuwa na risasi moja katika chemba, ulikwisha anza safari ya kuelekea mahali waliposimama wenzangu.

"Afande, mbele," alisema sajini kwa sauti ya chini, mkono wake ukiwa kama koleo juu ya kiwiko changu. "Kidole nje. Tazama mbele. Vuta pumzi."

Naanza na aibu yangu mwenyewe kwa sababu aibu ya mwenzako si vizuri kuitangaza gazetini, na pia kwa sababu baadaye nilimwuliza sajini yule kama alikuwa ameziona risasi zangu mbili zilivyopiga. Akajibu kwamba hakuziona, wala hakuwa na haja ya kuziona. Tangu niliposimama mstarini hadi nilipoirudisha bastola mkobani, hakuitazama karatasi ya shabaha hata mara moja. Alikuwa akitazama mikono yangu.

Siku hiyo tulikuwa wanafunzi wanane: polisi watano, wawili kati yao wakitoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na wanajeshi watatu. Wasimamizi walikuwa watatu. Hayakuwa mashindano rasmi, wala hapakuwa na kikombe. Yalikuwa mazoezi ya kuwaonjesha askari mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola kwa vitendo, nasi tulifundishwa kwa kufuata kanuni za mchezo huo, kadiri zilivyoweza kutumika katika uwanja wenye tuta moja la udongo na viti viwili vya mbao.

Mchezo huu hauna umri mkubwa. Mwezi Mei 1976 wapenzi wake kutoka nchi mbalimbali walikutana katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, huko Marekani, wakaunda shirikisho la dunia linaloitwa IPSC, na wakamfanya Jeff Cooper, aliyepata kuwa luteni kanali wa jeshi la Marine la nchi hiyo, kuwa rais wa kwanza. Waliweka maneno matatu ya Kilatini kuwa msingi wa mchezo: usahihi, nguvu na wepesi. Katika ulengaji wa Olimpiki mtu husimama mahali pamoja na kufyatua kwa utulivu. Katika mchezo huu hutembea, hupita mlangoni, hupiga magoti nyuma ya ubao, hubadili magazini, na huku saa inahesabu. Jirani zetu wa Kenya wanao raia wenye leseni wanaofanya michezo ya namna hii, na uwanja wa Kirigiti huko Kiambu unajulikana kwa jambo hilo.

Kwa askari, mchezo huu si anasa. Septemba 21, 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi na watu 67 wakauawa, miongoni mwa waliotangulia kuingia ili kuokoa watu walikuwamo polisi wasiovaa sare na raia wenye leseni, wakiwa na bastola tu mikononi. Mimi binafsi tangu siku ile niliacha kuiona bastola kama pambo la kiunoni mwa afisa.

Lakini yafaa tuutazame mchezo huu kwa jicho la msimamizi, na hapo ndipo hatari inapoonekana. Karatasi ya shabaha ina maeneo matatu, A, C na D. Risasi ya nguvu ndogo, kama zilivyo nyingi za milimita 9, hupata pointi 5, 3 au 1 kulingana na eneo ilipopiga. Kisha jumla ya pointi hugawanywa kwa sekunde alizotumia mlengaji. Mathalan, mtu wa kwanza amefyatua risasi 12, zote zimeingia A. Ana pointi 60, ametumia sekunde 12, hivyo amepata 5. Mtu wa pili ana pointi 50 tu lakini ametumia sekunde 8. Huyu amepata 6.25, naye ndiye mshindi. Kwa fundi, hesabu hii ni tamu, maana humfundisha kupima usahihi na wepesi katika mizani moja. Kwa mgeni ni sumu. Mwambie mgeni kwamba aliyekosa kidogo lakini akawahi amemshinda aliyepiga zote, naye atakimbia kabla hajajua kusimama.

Ndiyo sababu kanuni za mchezo wenyewe ni kali kupita nilivyotazamia. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka mbele, mchezaji ametolewa. Risasi ikitoka bila kukusudiwa, ametolewa. Bastola yenye risasi ikianguka, ametolewa. Akiigusa bastola bila amri, nje ya mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, ametolewa. Kidole kikikutwa ndani ya kikingio cha kifyatulio wakati anatembea au anajaza, nacho chaweza kumtoa. Na kutolewa maana yake ni kutoka katika mashindano yote, si katika zamu ile peke yake, hata kama ni bingwa aliyevuka bahari kuja kushindana. Nakiri kwamba nilipozisoma kanuni hizi kwa mara ya kwanza nilidhani ni woga wa raia. Nilipokwisha shikwa kiwiko nilizisoma tena.

MGENI MWENYE SARE

Ni kosa kubwa kudhani kwamba askari si mgeni kwa sababu ni askari. Katika chuo cha makadeti tulikaa na bunduki miezi mingi, tukala nayo, tukalala nayo, tukaifungua na kuifunga gizani. Bastola tulipewa saa chache, tena tukiwa tumechoka. Konstebo na praiveti wengi hawakupata hata saa hizo. Kwa hiyo anayesimama mstarini na bastola kwa mara ya kwanza ni mtu mwenye ujasiri wa miaka kumi na ufundi wa siku moja. Raia asiyepata kushika silaha hutetemeka, na kutetemeka kwake humfanya msimamizi awe macho. Askari hatetemeki, huja na mazoea ya SMG, na mazoea hayo katika bastola humdanganya.

Tuchukue urefu. SMG tunayoijua ina urefu wa sentimita 87 hivi, na mtutu wake una zaidi ya sentimita 40. Mtu akitaka kuigeuza hapana budi ageuze mwili, na mwenzake aliye kando huona chuma kinakuja. Bastola ni sentimita 20 au pungufu; hugeuzwa na kifundo cha mkono, kama mtu anavyogeuza ufunguo, na anayeigeuza hana habari. Halafu kuna kulenga. Katika SMG kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana sentimita 38 hivi, katika bastola sentimita 15 au 16. Vilengeo vikipishana kwa milimita moja tu, risasi ya SMG kwa mita 10 itahama sentimita mbili na nusu hivi; ya bastola itahama karibu saba. Askari hodari anapoona risasi zake zinatawanyika kwa mita 10 huudhika, na mtu aliyeudhika huivuta bastola karibu na uso aikague, au humgeukia msimamizi kulalamika kwamba silaha imeharibika.

Sefti nayo ni jambo lingine. Ya SMG ni kipande kirefu cha chuma upande wa kulia. Ukiishusha huisikia, na aliye jirani huisikia pia. Makarov ina kipande kidogo upande wa kushoto. Tokarev ya asili haina sefti ya kidole, wala Glock haina kipande cha nje cha kusukuma. Askari anayeitafuta sefti kwa vidole mahali isipokuwapo anazungusha bastola mkononi, na mtutu unazunguka nayo.

Na lile kosa la zamani, ambalo limezika watu katika majeshi yote duniani, linafanana katika silaha zote mbili: kutoa magazini si kutoa risasi. Iliyokwisha panda chemba imebaki chemba. Mtu huchomoa magazini, huionyesha kwa fahari, kisha huvuta kifyatulio ili "kuhakikisha". Sajini wetu alitufanya tuingize ncha ya kidole kidogo katika chemba tupu, tuguse, kila mmoja, kila mara. Alisema jicho huona linachotaka kuona.

RISASI MOJA

Kabla ya kufyatua lolote tulikaa saa nzima na bastola tupu, risasi zikiwa katika sanduku lililofungwa umbali wa hatua 40, na ufunguo mfukoni mwa mtu ambaye hakuwa mkufunzi. Tulijifunza kuchomoa polepole, kunyosha mikono, kurudisha mkobani bila kutazama chini kwa pupa. Kurudisha ndiko kulikochukua muda mrefu, maana ajali nyingi za mkobani hutokea hapo: ncha ya shati au kamba ya koti hunasa kwenye kifyatulio, naye mtu husukuma bastola chini kwa nguvu. "Hakuna tuzo ya kuwahi kurudisha," alisema sajini.

Kisha tukaingia mstarini, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na msimamizi wake. Msimamizi alisimama nyuma kidogo, upande wa mkono unaoshika bastola, karibu kiasi cha kuweza kufika kiwikoni bila kupiga hatua. Mahali hapa hapachaguliwi kwa bahati. Ukisimama mbali zaidi, sauti yako itachelewa, maana masikio yamezibwa na mgeni hasikii ila mapigo ya moyo wake. Ukisimama mbele ya bega lake, umejiweka katika njia ya mtutu.

Nilidhani tungeanza na magazini kamili. Tulipewa risasi moja. Ukaifyatua, ukaonyesha chemba tupu, ukarudisha. Ukapewa nyingine moja. Baadaye mbili, kisha tatu. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba huu ni mchezo wa watoto, na hapo sajini akatueleza habari mbili za watoto, ambazo zimeandikwa sana na kila mkufunzi wa silaha yafaa azijue.

Oktoba 26, 2008, katika mji wa Westfield, jimbo la Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa Uzi ndogo inayofyatua mfululizo, kwenye maonyesho ya bunduki. Aliyemsimamia mstarini alikuwa kijana wa miaka 15. Baba mzazi alikuwapo, akimpiga picha. Silaha iliruka ikarudi nyuma, ikamwua mtoto. Miaka sita baadaye, Agosti 25, 2014, katika uwanja mmoja wa jimbo la Arizona, msichana wa miaka 9 aliyekuwa likizo na wazazi wake alipewa Uzi. Mkufunzi mtu mzima, mwenye uzoefu, alisimama kushoto kwake. Msichana alifyatua risasi moja, vizuri kabisa. Mkufunzi akaridhika, akaigeuza silaha ifyatue mfululizo. Iliruka juu na kushoto, mahali alipokuwa, naye akafa kwa risasi ya kichwani.

Msomaji atasema: hao ni watoto, tena silaha zenyewe si bastola. Ni kweli. Lakini itazame ile hatua ya pili katika habari ya Arizona. Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri, na mafanikio ya risasi moja yakachukuliwa kuwa ruhusa ya nyingi. Kosa hilo halina umri. Risasi ya kwanza ya mgeni aghalabu huwa nzuri, kwa sababu hajui kitakachompata. Ni ya pili na ya tatu ndizo anazozisubiri kwa hofu, akikaza mkono na kufumba macho. Ukimpa kumi na tano kwa sababu ya moja, hujui utakayekuwa naye ifikapo ya nne.

Ili kuitoa hofu hiyo hadharani, sajini alitumia risasi bandia nane zilizotiwa rangi nyekundu. Alizichanganya na za kweli katika magazini bila mwanafunzi kujua zipo wapi. Mtu akivuta kifyatulio na risasi isitoke, mkono wake husema kila kitu: mtutu huzama chini kama kichwa cha kuku anayedonoa. Luteni mmoja, mlenga shabaha mzuri wa SMG, alicheka mwenyewe alipouona mtutu wake unadonoa. Faida ya pili ya risasi hizo ni kwamba humzoesha mgeni kukwama. Bastola ikikwama, mgeni huigeuza amwonyeshe mkubwa wake, kama mtoto anayepeleka redio mbovu kwa baba. Siku hiyo tulizoezwa kubaki tumeielekeza mbele, kidole nje, na kusema tu: "Imekwama."

Mambo madogo pia yalikumbukwa. Tuliamriwa kufunga vifungo vya shati hadi shingoni, kwa sababu ganda la risasi hutoka likiwa la moto, na likitumbukia ndani ya kola hata shujaa hucheza ngoma akiwa na silaha mkononi. Miwani ilikuwa lazima. Vizibo vya masikio vilikuwa lazima, na kwa kuwa vizibo huzuia amri, kila amri ilikuwa na ishara ya mkono. Amri zenyewe zilikuwa fupi, kwa Kiswahili, lugha ambayo majeshi yetu yamepeana amri kwa vizazi kadhaa: Jaza, jiandae. Uko tayari? Subiri mlio. Umemaliza, toa, onyesha. Ni tupu, rudisha. Uwanja salama. Na moja ambayo mtu yeyote aliruhusiwa kuitamka, hata mpishi aliyeleta chai: Simama!

Saa ya mlio, ambayo hutoa ishara ya kuanza na kuhesabu sekunde hadi risasi ya mwisho, ilikuwapo. Sajini alikuwa nayo mfukoni. Siku nzima haikutoka mfukoni.

NYOTA NA MKONO

Kuna jambo ambalo vitabu vya mchezo huu, vilivyoandikwa na raia, havilishughulikii, nasi wenye sare hatuna budi kulishughulikia. Mgeni anaweza kuwa mkubwa wa msimamizi wake. Nimepata kuona, katika kambi ambayo sitaitaja, meja akipita mstarini na bastola mkononi huku anaongea kwa ishara, na makoplo wawili waliopewa kazi ya usimamizi wakirudi nyuma kwa heshima. Hakuna aliyeumia. Lakini pale palikuwa na usimamizi kwa jina tu, kwa sababu mtu asiyeweza kumshika mkono afande wake hawezi kumzuia asiue.

Sajini wetu alilimaliza jambo hili kabla halijaanza. Alitupanga, akapiga saluti, akaomba ruhusa kwa afisa mwenye cheo cha juu kuliko sisi sote, kwa maneno haya: kwamba akishaingia mstarini, mkono wake juu ya kiwiko cha mtu ye yote ni amri, na kwamba haombi radhi baadaye. Ruhusa ikatolewa mbele ya wote. Ndiyo maana aliponishika mimi hapakuwa na aliyeshangaa isipokuwa mimi. Kwa maoni yangu ruhusa ya namna hii ingeandikwa katika amri za kila uwanja wa shabaha, isiachwe kwa ushujaa wa sajini mmoja mmoja. Kadhalika hesabu ya wasimamizi. Kamanda aliye na wageni ishirini na msimamizi mmoja atasema muda hautoshi. Basi wafyatue wanne, kumi na sita wakae kivulini na bastola tupu. Ripoti itaonyesha idadi ndogo, na idadi ndogo haijapata kumpeleka mtu hospitali.

MLIO UNAPOSIKIKA NAKIVALE

Aliyenivutia zaidi siku hiyo alikuwa konstebo wa kike, kijana, mmoja wa wale wawili kutoka Nakivale. Makazi hayo yako katika Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea, waliogawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Yanaongozwa na Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na ulinzi wake ni kazi ya polisi. Kiswahili cha konstebo yule kina ladha ya Kivu. Alikiri kwamba kile cha chuoni kilikuwa cha gwaride tu, na cha kuzungumza amefundishwa na akina mama wa Kikongo kisimani.

Nilimwuliza kwa nini anafyatua polepole kuliko wote, ilhali karatasi yake ilikuwa nzuri. Akanijibu hivi: "Afande, kwetu kule upepo ukibamiza mlango wa bati, kuna watu wazima wanaolala chini. Mimi risasi yangu ikitoka kwa bahati mbaya kwenye foleni ya chakula, hata isipompata mtu, nani atawasimamisha?"

Jibu hilo sikulipata katika chuo cha makadeti. Wengi wa Wakongo walioko Nakivale wamevuka mpaka wakiwa wamekwisha sikia milio ya kutosha. Wako waliokuja baada ya M23 kuuteka mji wa Bunagana mwezi Juni 2022, wengine walikuja miaka mingi kabla. Risasi ya milimita 9 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Katika uwanja wenye tuta la udongo inaishia kwenye tuta. Katika makazi yenye nyumba za udongo na maturubai, mtu hawezi kusema itaishia wapi, na kabla haijaishia popote mlio wake umekwisha fika kwa maelfu. Ndiyo sababu mazoezi yanafanyika mbali na makazi, na ndiyo sababu naunga mkono yaendelee kufanyika mbali. Makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Silaha pekee inayostahili kuonekana pale ni ile iliyo mkobani mwa askari wa zamu, na mkimbizi asipate hata siku moja kujua inalia vipi.

Nilikaa nikamtazama konstebo huyo katika zamu yake ya mwisho. Alipewa risasi sita, na mojawapo, bila yeye kujua, ilikuwa nyekundu. Tatu za kwanza zilikwenda. Ya nne ikanyamaza. Mtutu wake ulizama kidogo sana, kisha ukatulia. Hakugeuka. Kidole kikatoka nje, kikalala kando ya bastola, naye akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye viti vya mbao, "Imekwama." Sajini, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha ondoka ubavuni kuelekea kiwikoni, akaurudisha. Akamwambia aiondoe, aendelee. Mbili zilizobaki zikaingia A. Zote mbili niliziona mimi, sajini hakuziona.

Baada ya "Uwanja salama" ya mwisho tulianza kuokota maganda. Risasi 160 zilikuwa zimetoka ghalani, 46 zilirudi nzima, kwa hiyo maganda 114 yalitakiwa sandukuni. Bandia nane zilihesabiwa peke yake, zikatimia. Maganda yalikuwa 112. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima, na gari la Isingiro lilikuwa limekwisha washa injini; sajini akamwamuru dereva aizime. Tukapanga mstari mmoja, tukatembea magotini katika nyasi fupi, kapteni na praiveti. La kwanza lilipatikana chini ya kiti. Robo saa ikapita. La pili alilipata mpiga picha wangu, ndani ya mfuko wa kamera alioacha wazi, akaja nalo ameshika kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panzi.

Sajini akaandika 114 katika kitabu, akatia sahihi, akanipa kalamu nitie yangu. Kisha akamwinulia mkono dereva wa Isingiro.